Wizara Iliyozuiwa Vyombo

Ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Ridhaani. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake huchapishwa upya kila Rais anapopata mjukuu, na Rais wake ana wajukuu wengi. Ni nchi njema sana. Zamani raia wake walikuwa wakilalamika kama watu wa nchi nyingine, mpaka Bunge lilipokaa asubuhi moja likapitisha sheria ya kufuta malalamiko. Tangu hapo takwimu zimekuwa nzuri ajabu. Wagonjwa wana furaha, wakulima wana furaha, na wafungwa ndio wana furaha kuliko wote, maana wao huulizwa mara kwa mara.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Bi Sikudhani binti Kombo, mwoka mikate. Yeye na marehemu mumewe, aliyekuwa mwashi, walijenga nyumba ya ghorofa karibu na soko. Mume alipanga tofali, mke alilipia saruji kwa mikate. Mume alifariki kabla paa halijaezekwa, na Bi Sikudhani akalimalizia peke yake, bati baada ya bati. Mpango wake ulikuwa mwepesi: chini tanuri na duka la mikate, juu vyumba vya kulala, chake kikiwa na baraza la kutazamia barabara. Hakutaka kitu kingine duniani.

Sasa, wakati huohuo serikali ilikuwa imeunda Wizara ya Uaminifu, baada ya fedha za wizara nyingine kadhaa kupotea katika mazingira ya amani. Wizara ilihitaji ofisi. Waziri wake, Mheshimiwa Maneno Chiponda, mtu mnene ambaye sauti yake ilifika mahali kabla ya gari lake, aliiona nyumba ya Bi Sikudhani akasimama katikati ya barabara.

"Mama," alisema, "serikali imeipenda nyumba yako."

Na Ridhaani, serikali ikishapenda kitu, hakiulizwi nacho kinaonaje.

Wizara ikahamia kwa matarumbeta. Iliahidi kodi kila mwezi, na mwaka wa kwanza kweli ililipa. Halafu ikaomba na vyumba vya juu, kwa muda tu, kwa sababu uaminifu ulikuwa umeongezeka nchini na mafaili hayakuenea chini. Bi Sikudhani akahamia banda la uani alikokuwa akiweka unga. Halafu likaja suala la tanuri: harufu ya mkate wa moto ilikuwa ikiwafanya maofisa wafikirie chakula saa za kazi, jambo ambalo ni la saa zote lakini sasa lilikuwa na ushahidi. Tanuri likabomolewa. Halafu kodi nayo ikakoma.

Kila alipokwenda kuulizia, Bi Sikudhani alivishwa nishani. Ridhaani kuna Nishani ya Uvumilivu, daraja la tatu, la pili na la kwanza, na yeye alizipata zote, kwa sherehe, na picha yake ikatoka gazetini akiwa amenuna, chini yake pameandikwa "Mzalendo Mwenye Furaha". Nishani ya daraja la kwanza ilikuwa pana na ngumu kidogo, akaitumia kukwangulia sufuria. Maisha yake yakawa ya kukaanga maandazi kando ya barabara, mbele ya nyumba yake mwenyewe, akiwauzia maofisa waliokalia chumba chake. Na baadhi yao walikula kwa mkopo.

Miaka ikapita namna hiyo, hadi siku moja Katibu Mkuu wa Wizara, Bwana Fikirini Msabaha, alipotoka nje akaja kusimama karibu na karai lake. Bwana Fikirini alikuwa mtu mwembamba, hakuwa mbaya wa roho, ila alizungumza siku zote kama mtu anayesikilizwa na mwingine aliye nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Katibu. Mawili au matatu?"

"Leo sikuja kwa maandazi. Nimekuja na habari njema. Tunahama."

Bi Sikudhani alikitua kijiko cha kukaangia. Moyo ulimruka, na kwa dakika nzima alikuwa mwanamke mwenye furaha kweli, bila takwimu.

"Mnahama lini?"

"Wiki ijayo. Limekamilika Kasri la Uaminifu, kule kilimani. Mheshimiwa Rais atakuja kulifungua mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Na kodi yangu?"

Bwana Fikirini akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mama, kodi ni neno la kikoloni. Sisi siku hizi tunasema mchango wa mwenye nyumba katika maendeleo. Wewe umechangia vizuri sana."

"Nimechangia nini? Mimi sijachangia, nimedhulumiwa."

"Taratibu, Mama, hilo nalo lilifutwa pamoja na malalamiko." Akainama kidogo. "Kuna na jambo jingine. Kwa utaratibu wetu, mwenye nyumba anayeagwa na serikali huandaa karamu. Pilau, hotuba fupi ya shukrani, na machozi. Machozi si lazima yawe mengi. Na tutaondoka na milango na madirisha."

"Milango yangu?"

"Imesikia siri za serikali miaka yote hiyo, Mama. Haiwezi kuachwa mikononi mwa raia."

Bi Sikudhani aligeuza andazi lililokuwa likiungua, akalitazama, akaliacha liungue.

Jioni hiyo alikwenda kwenye Chama cha Wenye Nyumba kuomba msaada. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Zuberi Kaniki, mtu aliyeogopwa mji mzima. Hakukuwa na mpangaji aliyewahi kumtoroka Bwana Zuberi. Ukichelewa kodi, alikuja kukaa juu ya godoro lako nawe umelala. Ukichelewa zaidi, alipanda juu akaezua mabati ya upande wako tu, akawaachia wenzako. Ukitaka kuhama bila kulipa, alisimama mlangoni na kuchukua vyombo vyote mpaka mwiko. Wenye nyumba wenzake walimwita Simba.

"Bwana Zuberi," alisema Bi Sikudhani, "nina mpangaji anahama bila kulipa, tena anataka kung'oa milango. Wewe ungemfanyaje?"

Simba akanguruma. "Mpangaji gani huyo fedhuli? Nitajie! Nitamvua mpaka fulana!"

"Wizara ya Uaminifu."

Bwana Zuberi aliketi. Akatoa leso akajifuta uso, kisha shingo, kisha akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Wenzake nao wakakumbuka wagonjwa wao. Aliyebaki kuzungumza alimshauri apike pilau lenye nyama ya kutosha, na kama machozi yatakuwa magumu, akate vitunguu mapema.

"Lakini sheria si ipo?" aliuliza Bi Sikudhani. "Ile Sheria ya Vyombo?"

"Ipo, Bi Sikudhani. Lakini ile ni ya wapangaji wa kawaida."

"Imeandikwa wapi kwamba ni ya kawaida?"

Na kweli, haikuandikwa popote.

Hapa ni lazima tueleze sheria hiyo, maana bila hiyo hadithi yote isingekuwapo. Mheshimiwa Maneno Chiponda, mbali na kuwa Waziri wa Uaminifu, alikuwa ndiye mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mjini. Alikuwa na nyumba mitaa yote, nyumba zinazovuja, na wapangaji wake walikuwa na tabia mbaya ya kumkimbia. Kwa uchungu wa nchi yake akaenda Bungeni na Sheria ya Vyombo, akaisoma mwenyewe kwa ile sauti yake: mpangaji yeyote, awe nani awe nani, akihama bila kumaliza kodi, hatatoa ndani ya nyumba hata sindano, na atakayemsaidia kutoa, awe nani awe nani, ni mwizi na atafungwa kama mwizi. Bunge lilipiga makofi mpaka mbunge mmoja akatenguka kidole. Tangu siku hiyo Mheshimiwa alijenga bohari kubwa nyuma ya soko, na ndani yake akajaza vitanda, majiko, baiskeli na vitanda vya watoto vya wapangaji waliokuwa wamehama wakidaiwa.

Bi Sikudhani alikuwa amemsikia redioni siku ile, akikanda unga. "Awe nani awe nani" lilimkaa kichwani.

Siku ya kuhama ilipofika, malori yalijipanga barabarani, matarumbeta yakalia, na watu wakajaa kutazama, kwa kuwa Ridhaani kutazama bado kunaruhusiwa. Wabeba mizigo walitangulia na kiti cha Waziri, kiti kikubwa cha ngozi chenye taji la mbao. Walipofika getini wakakuta limefungwa kwa kufuli la dukani, jipya, na mbele yake ameketi Bi Sikudhani juu ya debe la unga, kanga yake ameifunga kiunoni.

"Tupishe, Bi Mkubwa," alisema mbeba mizigo.

"Kirudisheni ndani, wanangu. Mpangaji anadaiwa. Vyombo havitoki."

Matarumbeta yakanyamaza moja moja, la mwisho likamalizia kwa mlio kama wa mbuzi. Mheshimiwa Waziri, aliyekuwa jukwaani akisubiri pilau na shukrani, akashuka.

"Mama, kuna nini? Umezidiwa na furaha?"

"Sijazidiwa, Mheshimiwa. Nakudai. Ukinilipa, nafungua. Usiponilipa, sheria yako inasema hutoi hata sindano."

"Sheria ile ni ya wapangaji!"

"Na wewe kwangu ni nani? Mjomba?"

Kicheko kilipita barabarani kutoka mwanzo hadi mwisho. Mheshimiwa alimwita Kamanda wa Polisi na kumwamuru avunje kufuli. Kamanda akasogea, akanyoosha mkono, kisha mkono ukasimama hewani.

"Mheshimiwa," alinong'ona, ila kwa kuwa alikuwa kamanda, mnong'ono wake ulisikika mpaka kwenye malori, "nikilivunja, mimi ni mwizi. Inasema awe nani awe nani."

"Mimi ndiye niliyeitunga!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hongera."

Na hapo Mheshimiwa akatazama umati. Aliwaona wapangaji wake. Walikuwa wengi, wamesimama mstari wa mbele, wametulia mno, kama watu wanaongoja kusikia namba zao zikiitwa. Alielewa mara moja. Kiti kile kikipita geti lile bila kodi kulipwa, kesho yake asubuhi nyumba zake zote zingebaki na mende tu.

Akapanda gari akaondoka. Kiti kikarudishwa ndani.

Kuanzia hapo serikali ilijitahidi kutafuta ufumbuzi wa busara. Redio ilitangaza kwanza kwamba Wizara haikuwa mpangaji, bali mgeni, na mgeni hadaiwi. Kabla taarifa ya habari haijaisha, wapangaji mji mzima waliwatangazia wenye nyumba kwamba nao ni wageni, na wengine wakauliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Tangazo likafutwa kabla ya jua kuzama.

Kisha redio ikasema vile vilivyomo ndani si vyombo. Vyombo ni vya kupikia. Viti na meza ni watumishi wa umma wasio na mishahara, na mtumishi wa umma hawezi kuzuiwa na raia. Bwana Zuberi Kaniki aliamka akakuta familia tatu zinatoka na makabati mabegani, zikimwambia zinasindikiza watumishi wa umma. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tangazo hilo nalo likafutwa.

Wakajaribu tena, wakasema nyumba ya Bi Sikudhani ipo kisheria katika nchi ya jirani. Nchi ya jirani ikauliza kama itapewa pia soko.

Wenye nyumba wakawaka, na walimwakia Mheshimiwa. Simba mwenyewe alikuja getini, leso mkononi, akasimama mbali kidogo na kumwambia Bi Sikudhani, "Usimfungulie, Bi Mkubwa. Akikupita wewe, sisi sote tumekwisha."

"Siku ile mlikuwa na wagonjwa," alimjibu. "Hawajambo?"

Wakati huo wote Bi Sikudhani hakuondoka getini. Mgongo ulimuuma, magoti yalivimba. Nyuma yake maofisa wa Wizara waliendelea kuja kazini, maana sheria haikuwakataza wao kupita mikono mitupu, naye aliwafungulia asubuhi na jioni, na kwa kuwa mafaili yalikwisha kufungwa kwenye masanduku, kazi ilikwenda kama kawaida. Alikuwa na hofu. Hakuionyesha, ila kila gari lilipopunguza mwendo, vidole vyake vilishika kingo za debe.

Aliyemletea chai alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, Mwanaheri, fundi cherehani. Alikuja mara ya kwanza bila kusema mengi, akaja tena, na mara ya tatu akatandika mkeka akaketi kando yake.

"Mama, nikuulize. Ukishalipwa, utafungua?"

"Nitafungua. Kwani nataka kukaa hapa mpaka nifukiwe?"

Mwanaheri akachezea ukindu wa mkeka. "Mimi nilikuwa mpangaji wa Mheshimiwa. Mwanangu aliugua mapafu, nikakosa kodi. Nikamfuata mwenyewe kumwambia, Mheshimiwa sina, nipe muda nishone. Akasema nihame, na nilipohama akachukua cherehani. Ipo boharini mwake mpaka leo. Nikamwambia, hiyo ndiyo ingenilipia deni lako. Akasema sheria ni sheria." Akaongeza bila kumtazama, "Kwa hiyo mimi nikikuona umeshikilia sheria ile, Mama, sijui nifurahi au nilie."

Bi Sikudhani aliishika ile bilauri ya chai bila kunywa. Alitaka kumwambia kwamba hilo halikuwa kosa lake, na kweli halikuwa. Lakini chai ilipoa, na neno hilo halikutoka.

Siku ya Rais kuja ikawa inakaribia. Kasri kule kilimani lilikuwa tupu, halina hata bendera. Bendera ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku, nyuma ya kufuli la dukani. Ndipo alasiri moja, watu walipokuwa wamepungua, Mheshimiwa Waziri alikuja kwa miguu kupitia uchochoro wa uani, na Bwana Fikirini nyuma yake amebeba mkoba. Waliingia bandani. Bi Sikudhani akaitwa, akaingia huku akiacha mlango wazi ili alione geti.

Mheshimiwa aliketi juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata ilikuwa nzuri.

"Bi Sikudhani, tuyamalize kama watu wazima. Fungua mkoba, Fikirini. Hii ni kodi yako yote, tangu siku tulipokoma kulipa. Hesabu ukitaka."

Alizitazama zile noti. Aliliona tanuri. Aliliona jipya, refu, la matofali ya moto, na moshi wake ukipanda.

"Umezitoa wapi?" aliuliza.

"Mfukoni mwangu. Kwa mapenzi."

"Katibu," Bi Sikudhani alimgeukia Bwana Fikirini, "kodi yangu ilikuwa inatoka Hazina kila mwezi?"

Bwana Fikirini alitazama kushoto, kulia, na kwa kuwa banda halikuwa na pazia, akaishiwa mahali pa kutazama. "Ilitoka, Mama. Kila mwezi."

"Ikaenda wapi?"

"Ilitangulia kuhamia Kasri."

"Na Kasri ni la nani?"

"Fikirini!" alifoka Waziri.

"Ni la Mheshimiwa, Mama," alisema Katibu, akiwa ameshachoka na maisha. "Wizara inapanga kwake. Atalipwa kodi ya miaka mitano mbele."

Bi Sikudhani alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mheshimiwa alingoja amalize, kisha akasema masharti yake. Achukue fedha. Kesho asubuhi, mbele ya watu na redio, atangaze kwamba ameisamehe serikali kwa hiari yake, kwamba Wizara ya Uaminifu haikuwahi kudaiwa, afungue geti na kuaga. Sheria ibaki ilivyo, kila mwenye nyumba alale usingizi. "Mimi nibaki na wapangaji wangu, wewe ubaki na fedha zako. Nani ameumia?"

Kupitia mlango ulioachwa wazi, Bi Sikudhani alimwona Mwanaheri, ameketi kwenye debe lake kumshikia nafasi, anatembeza vidole hewani kama mtu anayeshona kitu kisichokuwapo. Labda alikuwa anafukuza nzi tu.

Tusimfanye malaika, maana alizitaka zile fedha. Zilikuwa zake, za jasho lake na la mumewe. Alinyoosha mkono mpaka kwenye mkoba, akagusa, akaurudisha.

"Sema kwenye redio kwamba ulikuwa unadaiwa na umelipa, nizichukue na nifungue."

"Hilo haliwezekani. Wizara ya Uaminifu haidaiwi."

"Basi sizitaki kwa kificho. Nataka kingine. Ifute ile sheria."

Mheshimiwa alisimama, gunia likainuka naye. "Una wazimu? Nikiifuta, utakosa kila kitu! Hutakuwa na haki ya kunizuia! Nitatoka na viti vyangu bila kukulipa hata senti!"

"Najua."

"Sasa utapata nini?"

"Nyumba yangu. Na milango itabaki; na hilo nalo utalisema redioni, la sivyo Rais atakuja kukalia sakafu."

"Na fedha zako?"

"Nitakudai mpaka nife, na hutasahau kwamba nakudai. Lakini kwa sheria ile siwezi kulala juu kule nikasikia usingizi. Ondoka, Mheshimiwa, chai yangu inapoa."

Usiku huo Mheshimiwa alipima kodi ya Kasri ya miaka mitano na kodi za nyumba zake zinazovuja, na Kasri likashinda. Ridhaani sheria hupitishwa asubuhi moja, na hufutwa kabla ya chakula cha mchana. Kesho yake Mheshimiwa Maneno Chiponda alisimama mbele ya geti na kipaza sauti, akatangaza kwamba kwa huruma yake isiyo na mipaka ameguswa na mateso ya wapangaji, ambayo hakuna ajuaye yalisababishwa na nani. Akaifuta Sheria ya Vyombo. Akaongeza, kwa sauti ndogo na ya haraka, kwamba milango ya nyumba ile imechunguzwa na kuonekana kuwa haina masikio.

Bi Sikudhani alisimama kwa shida, akatia ufunguo, akafungua geti mbawa mbili. "Chukueni," alisema. "Na msinikwaruzie ukuta."

Lakini hakuna aliyechukua. Umati ulikuwa umeshageuka. Haukukimbia kwanza, ulitembea, kama watu wasioamini miguu yao, kisha mtu mmoja akapiga kelele "Boharini!" na hapo barabara nzima ikamwagika kuelekea nyuma ya soko. Wabeba mizigo wakakiweka chini kiti cha Waziri, kwa kuwa wengi wao nao walikuwa na vitanda vyao kule. Madereva wa malori wakawafuata na malori. Kamanda wa Polisi alitumwa kuzuia. Alirudi akaeleza kwamba kisheria hakuona wizi wowote, aliona watu wakihama.

Siku hiyo mji ulikuwa kama siku ya harusi. Vitanda vilipita, majiko yalipita, baiskeli zisizo na upepo zilisukumwa na wenye nazo wakizibembeleza. Mwanaheri alipita amejitwika cherehani kichwani, kichwa cha chuma tu bila meza yake, shingo imenyooka, machozi yanamtiririka asiweze kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Alipofika mbele ya geti alisimama. Bi Sikudhani akamsaidia kuitua.

Wizara ya Uaminifu ilihama kwa miguu. Mkurugenzi alibeba meza na mkurugenzi mwenzake, wakigombana nani atangulie. Bwana Fikirini alibeba bendera. Kiti cha Waziri kilikuwa kizito mno, ikabidi Mheshimiwa akisukume mwenyewe kupandisha kilima, na redio ikatangaza kwamba ameamua kufanya mazoezi pamoja na wananchi. Jioni nyumba zake mitaani zilikuwa kimya, milango inapigwa na upepo.

Wenye nyumba hawakumsamehe Bi Sikudhani. Bwana Zuberi Kaniki alimfukuza chamani kwa kura zote, akamwita msaliti, naye akauliza kama atarudishiwa ada yake ya uanachama. Hakurudishiwa. Alijenga tanuri dogo, la udongo, kwa kukopa unga. Vyumba vya juu alipangisha, akabakiza kimoja chake.

Mvua za kwanza zilipoanza, Bwana Fikirini alikuja tena. Alisimama barabarani chini ya mwavuli. Bi Sikudhani alikuwa juu barazani, anachambua mchele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Katibu. Kasri halijambo?"

"Linavuja, Mama. Na Mheshimiwa anataka kodi ya miaka mingine mitano mbele, Hazina imekataa, ametupa notisi." Akakohoa. "Serikali imekaa, ikaona kwamba imekusamehe. Tunaomba kurudi."

"Vyumba vimejaa."

"Na nani, Mama?"

"Na watu wanaolipa. Isipokuwa huyu fundi wa chini. Huyu ana miezi miwili hajanilipa, na nitamdai, usidhani."

Cherehani ilikuwa ikisikika hapo chini, ikienda mbio. Bwana Fikirini aliinua mwavuli ili amwone vizuri. Kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu asiyesikilizwa na yeyote.

"Mama, samahani. Huyo hajalipa, umemwacha ndani. Sisi hatukulipa, unatufungia mlango. Tofauti yetu ni nini?"

Bi Sikudhani alipuliza makapi, yakaruka yakamwangukia Katibu Mkuu mabegani.

"Yeye alipanda ngazi akaja kuniambia hana," alisema. "Nyinyi mlikuwa nazo."

Akainuka na ungo wake, akaingia ndani kupika.